Pete ya Dereva Fikirini

Magharibi ile mzee Tarsis alikwenda kupanga foleni ya mafuta ya taa kwenye duka la ushirika, mtaa wa Msimbazi, akaambiwa yamekwisha. Akarudi na dumu lake tupu kiwikoni, mkono wa kushoto amemshika mjukuu wake Josepha, mtoto wa binti yake. Mkewe alishakufa na pensheni ilikuwa ya kubabaisha. Mtoto yule ndiye aliyekuwa pumzi yake.

Umeme ukakatika Kariakoo nzima.

Halafu ikaja harufu... Moshi wa garimoshi na grisi ya moto. Msimbazi hakuna reli.

Fssss...

Tarsis alikuwa stesheni masta wa reli ya tawi, huko porini, njia moja ya kwenda na kurudi. Treni haikuingia njiani bila pete ya chuma. Hiyo ndiyo ruhusa. Dereva akipita humpa masta pete aliyokuja nayo, masta naye humpa nyingine ya kuendelea. Mkono mmoja hupokea, wa pili hutoa, na treni haisimami. Mazoea yana tabu. Baada ya miaka ishirini, mikono ya mzee ilikuwa haimwulizi tena.

Gizani akapita mtu wa ovaroli, amenyoosha pete.

Mkono wa kulia ukapokea.

Wa kushoto ukatoa.

Josepha hakuwepo tena, wala hakupiga kelele.

“Fikirini...” mzee alinong'ona.

Dereva Fikirini walimzika masika ya mwaka juzi. Daraja lililomuua lilikuwa kati ya stesheni ya Tarsis na ya rafiki yake Isidori. Masta wote wawili walijua limepasuka. Kila mmoja alimwachia mwenzake aseme.

“Pete ifike kwa Isidori,” sauti ilisema taratibu. “Nitamshusha mtoto.”

Mtu mwema angesita kidogo. Tarsis alikimbia mpaka Gerezani, alikokaa Isidori siku hizi, bila kugeuka, na wala msimlaumu sana. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Alimkuta Isidori anatoka kusali, amemshika mkono mkewe Candida, mama asiyeona. Jumapili iliyopita Candida alikuwa amempakulia Tarsis ndizi na nyama. Mzee hakuwasalimu. Alinyoosha pete tu.

Mkono wa Isidori ukapokea.

“Baba Elisaria,” Candida alimwuliza mumewe kwa upole, “mbona mkono wako umekuwa wa baridi hivi?”

Halafu pale aliposimama Candida pakawa patupu. Isidori alibaki ameduwaa na pete yake, akiita jina la mkewe kwa sauti ndogo, huku akipapasa hewa.

Vidole vidogo viliingia katika kiganja cha Tarsis. Vilikuwa na joto. Mzee alipiga magoti akamkumbatia mjukuu wake, akalia kwa furaha mbele ya rafiki yake, bila haya.

“Babu,” Josepha alimnong'oneza sikioni, “nimempisha bibi Candida kiti changu. Dereva anasema tumlete na mama yangu. Viti bado vipo.”