Jina Lisilovuka Lango

Komeo la mlango wa jikoni lilikuwa limekufa kwa kutu tangu mke wa mzee alipokuwa hai, na hakuna mtu pale shambani Bakenskloof asiyelijua hilo. Mlango wenyewe ulikuwa wa vipande viwili, cha juu cha kuchungulia na cha chini cha kuzuia kuku, na komeo lilikaa kwenye kile cha chini. Lilikuwa pande la chuma la kizamani ambalo hata Dawid, mtoto wa mzee, na mabega yake yale ya raga, hakuweza kulisogeza. Basi asubuhi ile Sannet alipoingia kuchemsha maji ya mtoto akalikuta limesukumwa mpaka mwisho, kwa ndani, alijua ni mumewe kafanya ubabe wake. Dawid akaapa hajaligusa. Katryn, mpishi, akasema yeye kazunguka mlango wa mbele, maana wa nyuma umemgomea.

Halafu palikuwa na harufu ya ubani. Ubani, jamani, katika nyumba ya wazee wa kanisa ambao hata mshumaa kwao ni wa umeme kukatika tu! Katryn alinusa, akamtazama mtoto mikononi mwa mama yake, akarudi kukata mkate.

Sannet hakuwa mtu wa shamba. Alikuwa mwalimu huko Cape Town, kaolewa na Dawid Haasdijk, mtoto pekee wa mzee Lubbert Haasdijk, na tangu harusi mzee alikuwa akimwita "yule mwalimu" kana kwamba hana jina. Alitafuta kila njia ya kumlainisha mkwewe, na mwisho akaipata. Mzee Lubbert alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni wazee wake. Mpe kahawa na biskuti ngumu ya kuchovya, atakuanzia baba, babu, baba wa babu, mpaka akufikishe kwa Lubbert wa kwanza, Mholanzi aliyeshuka merikebuni kule Rasi ya Tumaini Jema akapanda milima hii na bunduki, ng'ombe na watumwa. Ukikosea jina moja anakurudisha mwanzo kama mwalimu wa chuoni. Alikuwa akijigamba kwamba jina likishaingia kichwani mwake halitoki.

Ukoo ulikuwa unataka kukutana shambani na kumsimamishia yule Mholanzi jiwe la kumbukumbu. Sannet akajitolea kuufuatilia ukoo wote. Alizunguka makanisa, akapiga magoti makaburini akisugua kuvu kwenye mawe, akanywa chai na vikongwe waliomwita kwa majina ya dada zao waliokufa. Katika kuzunguka huko akaikuta mila aliyoipenda. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na kwa hiyo Lubbert alimrithi Lubbert, wakiruka kizazi kimoja kimoja, tangu yule wa merikebuni. Alipopata mimba akatangaza mwenyewe kwamba akija wa kiume ataitwa Lubbert. Mzee alilia kwenye simu, na tangu siku hiyo akawa anamwita mwanangu.

Dawid hakufurahi sana. Mama yake, siku anakata roho, alimshika mkono akamwomba ampe mwanawe jina lolote lile duniani isipokuwa hilo. Lakini mgonjwa wa homa husema mengi, na Sannet akasema mila ni mila.

Walikuja na mtoto akiwa hajatimiza miezi miwili. Mzee alimpokea barazani, akamwinua kuelekea milimani kama alivyoinuliwa yeye, akaita kwa sauti ya kuchungia kondoo, "Lubbert!" Milima ikaitikia. Kesho yake ndiyo lile komeo likakutwa limefungwa.

Jumapili wakapakia mizigo warudi kwao. Mtoto alilia njia nzima ya mipera, na Sannet alikuwa akimchekesha, mpaka gari lilipovuka lango la shamba. Hapo kilio kikakatika. Alimfunua shuka akakuta midomo imekuwa rangi ya zambarau, macho wazi, kifua hakipandi wala hakishuki. Alipiga ukelele, Dawid akarudi kinyumenyume kwa mshtuko, na gurudumu la mbele lilipoingia tena ndani ya lango mtoto akavuta pumzi ndefu, akaendelea kulia pale pale alipoachia.

Walijaribu tena, yakawa yale yale. Daktari aliitwa kutoka mjini Ceres, akampima, akacheka, akasema huyu ni dume la simba. Akajitolea kumbeba mwenyewe kwenye gari lake. Hakufika mbali. Alirudi kutoka langoni na shati limemganda mgongoni, akamkabidhi Sannet mtoto bila kumtazama usoni, akakataa chai. Aliahidi kurudi na mwenzake, na hakurudi.

Dawid akapandwa na hasira. Alichukua bisibisi na nyundo, akaling'oa komeo, akalitupa bwawani mbele ya wote. Usiku ule walilala, au tuseme walijilaza, na kulipokaribia kupambazuka Sannet akasikia chuma kinakwaruza taratibu jikoni, krrr, kikasita, kikaendelea, kama mtu asiye na haraka anayejua mlango ni wake, akaamka na taa mkononi akapita ukumbini huku harufu ya ubani ikizidi kila hatua, akafika, akamulika, na pale mlangoni palikuwa na ubao mtupu wenye matundu ya misumari, na ubao ule mtupu ukasukumika, ukakwaruza, ukajifunga mbele ya macho yake.

Alikaa chini pale pale sakafuni. Kichwa chake kilikuwa makaburini. Aliwaona akina Haasdijk wote aliowasaka mwaka mzima. Ndugu zao wamezikwa kila pembe, wengine Namibia, wengine baharini. Akina Lubbert walilala wote hapa, hakuna hata mmoja aliyefia kwingine. Mmoja alizikwa peke yake kando ya lango, na Sannet alikuwa ameambiwa kwamba marehemu alilipenda sana lango lile. Aliitwa vitani, wakamkuta asubuhi ameanguka hapo na tandiko la farasi begani.

Alimfuata mzee barazani.

"Baba, umewahi kufika baharini?"

"Bahari ina nini ambacho bwawa langu halina?"

"Sikuulizi hilo. Umewahi kujaribu?"

Mzee alichovya biskuti yake mpaka ikakatikia kikombeni. Alikuwa ametoa jibu lile la bwawa maisha yake yote, na watu walikuwa wakicheka na kumsifu kwa kuipenda ardhi.

"Siku Dawid anazaliwa," alisema mwisho, kwa sauti ya chini. "Mama yake alikuwa hospitali. Nilifika langoni, kifua kikafunga. Nikawaambia watu nina kondoo wanaozaa. Mama yake tu ndiye aliyejua."

Sannet alitaka kumkemea, amwulize kwa nini basi aliliita lile jina. Lakini jina lilitoka kinywani mwake yeye kwanza, akiwa mjini, akitafuta kupendwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Katryn ndiye aliyesema lililopaswa kusemwa. Alisema dawa ya jambo hili haiko kwa daktari wala kwa mchungaji, iko mjini Worcester, kwa waganga wa Kiislamu. Wazungu wa milima ile hujifanya hawajui maana yake, na wengi wao mababu zao walikwenda huko kwa mlango wa nyuma. Dawid hakubisha. Jua likiwa linazama alirudi na Haji Gasant, fundi wa kuwamba viti, mtu mfupi mwenye kofia nyekundu na kikohozi, ambaye wazee wake waliletwa Rasi kutoka visiwa vya mashariki wakiwa na minyororo miguuni. Langoni aliomba gari lisimame, akatoa salamu kwa mtu ambaye Dawid hakumwona. Alipofika jikoni akavua viatu. Katryn akamwuliza kama awashe makaa ya ubani.

"Wa nini, binti yangu? Umeshawashwa."

Waliketi wote mezani. Haji alisoma kwa muda mrefu, macho ameyafumba, kisha akauliza swali kwa lugha ya mashariki ambayo kwao imebaki kwenye dua za vikongwe tu. Jibu likatoka stoo ya unga. Sannet alihisi ngozi ya kichwa ikimsisimka, kwa sababu sauti ile ilikuwa ya mzee Lubbert, kwa kila kitu, hata ule mkwaruzo wa tumbaku, na mzee Lubbert alikuwa ameketi mbele yake, midomo ameifumba, machozi yanamtiririka.

Walisemezana hivyo, Haji na stoo, mpaka chai ikapoa. Ndipo Haji akawageukia.

"Chini ya sakafu hii kuna chumba," alisema. "Mzee wenu wa kwanza alikuwa akimfungia humo mtumwa wake, mtu wa Makassar, huko visiwa vya mashariki, kila usiku, kwa komeo lile. Akaenda kanisani, mbali, siku nyingi, akamwacha amefungiwa. Mtu yule akafa humo kwa kiu. Lakini alikuwa na mwenzake, asiye wa damu na nyama, na kabla ya kufa akamwachia kazi. Alimwambia, huyu aliyenifungia akirudi, yeye na kila atakayeitwa jina lake, asitoke."

"Mfukuze," Dawid alisema.

"Mimi siwezi kumfukuza mlinzi ambaye hajamaliza zamu. Hana ugomvi na mtoto. Anachojua ni jina." Akamtazama mzee. "Aliyeliita alitengue, pale pale alipoliita. Mtoto avuke hana jina. Jina jingine apewe huko nje, mbali, na lisitajwe kamwe ndani ya ardhi hii, wala masikioni mwa mtu anayelala humu; mlinzi akilisikia, atamfuata nalo."

Mzee Lubbert alisimama. Alisema jina hilo limebebwa tangu merikebuni, limepita njaa na vita, na yeye si wa kulimwaga kama maji machafu. Akauliza ukoo utasomwaje ukifika kwa mjukuu. Sannet hakugombana. Alizunguka meza akamwekea mtoto mikononi, naye mtoto akamshika kidole, akakivuta kinywani.

"Baba, huyu nimemzaa mimi," alisema. "Nakuomba. Mwache aone bahari."

Mzee alimtazama mtoto mpaka mtoto akasinzia. Kisha akatoka barazani, akamwinua kuelekea milimani, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya kuchungia kondoo tena.

"Huyu si Lubbert," alisema. "Lubbert ni mimi. Wa mwisho."

Milima haikuitikia.

Waliondoka alfajiri. Mzee aliwafuata nyuma kwa miguu, amevaa kofia yake ya kanisani. Gari likavuka lango, na Sannet akaziba pumzi yake mwenyewe, sikio kifuani pa mtoto, mpaka mtoto akapiga chafya na kulia kwa hasira ya njaa. Dawid akaegemea usukani, akalia naye. Sannet alipogeuka alimwona mzee amefika langoni. Alinyoosha mkono mbele, ukatoka mpaka kwenye kifundo cha kiganja, ukasimama. Alikaa hivyo kidogo. Halafu akageuka akarudi nyumbani bila kuangalia nyuma, kama mtu aliyeitwa kula.

Mkutano wa ukoo ukavunjwa, jiwe halikusimamishwa. Kila Jumapili mzee alipiga simu, akauliza bahari leo ina rangi gani, mtoto kaota jino, katambaa. Jina hakuuliza hata mara moja. Siku moja tu alisema kwa kunong'ona, "Mwanangu, humu kuna mtu ananisumbua. Kila jioni ananiuliza mjukuu wangu anaitwa nani. Namwambia sijui, haamini. Usije ukanitajia. Hata nikikuomba, usinitajie." Mtu aliyeishi kwa kukumbuka majina, sasa kazi yake ni kutolijua moja.

Mwezi wa pili wa baridi Katryn akawaarifu kwamba mzee amelala kitandani, hanywi hata supu, na ilionekana hana siku nyingi. Dawid akaondoka haraka kwenda kumwona. Jioni ile, Dawid akiwa bado njiani, simu ililia, na Sannet akapokea, mtoto amempakata.

"Mwanangu," ilisema sauti ya mzee, dhaifu, na ule mkwaruzo wake wa tumbaku. "Nimechoka. Nataka niondoke nikimwombea kwa jina lake. Nitajie, mara moja tu. Mjukuu wangu anaitwa nani?"

Sannet alifungua mdomo. Machozi yalikuwa yakimdondokea mtoto utosini. Inawezekana ni mzee mwenyewe, yuko peke yake, anakufa, anaomba kitu kidogo ambacho hata maskini hanyimwi. Inawezekana pia si yeye. Alisikiliza nyuma ya sauti ile, akitafuta mkwaruzo wa chuma, na akasikia pumzi tu, zikingoja.

"Baba, bahari leo ni ya kijivu," alisema. "Ina mawimbi makubwa."

 Kisha ile sauti ikauliza tena, kwa upole ule ule.