Mtaro Wenye Ufa

Mtaani walimwita Chapuchapu. Alikuwa mkandarasi mdogo, mwenye vibarua wachache na mashine moja ya zege inayokohoa. Kila asubuhi wimbo wake ulikuwa uleule: "Chapuchapu, jamani! Ngojangoja huumiza matumbo!"

Safari hii walikuwa wakilaza bomba la maji machafu katika mtaa wake mwenyewe. Fundi bomba alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Chapuchapu alimlea tangu mama yao alipofariki. Mdogo huyo alikuwa mpole, na neno la kaka kwake halikuwa na rufaa.

Mvua ilinyesha usiku. Asubuhi mtaro ulikuwa umelowa, na kina chake kilipita kichwa cha mtu. Udongo uliochimbwa ulirundikwa ukingoni kabisa, ili kufukia kuwe rahisi. Mbao za kuzuia kuta zilikuwa zimepelekwa kwenye kazi nyingine.

Mdogo mtu alisimama, akatazama chini kwa muda.

"Unatafuta mamba humo?" Chapuchapu akamtania.

"Hapana, kaka."

"Basi shuka. Udongo huu mgumu, umesimama wenyewe tangu jana."

Akashuka.

Sauti iliyofuata haikuwa kubwa. Ilikuwa kama ya gunia lililoangushwa chini. Chapuchapu aligeuka, akaona ukuta mmoja umeporomoka. Mdogo wake alifukiwa, akabaki kuonekana kichwa na mkono mmoja tu. Mdomo ulikuwa wazi, lakini sauti haikutoka.

Chapuchapu aliingiwa na hofu. Akajikaza, akataka kuruka ndani.

"Usishuke!"

Aliyepaza sauti alikuwa jirani yake, mama mmoja mkaguzi wa usalama kazini. Alikuwa akifunga geti lake aende kazini. Alikuja mbio, kiatu kimoja mguuni.

"Ni mdogo wangu!" Chapuchapu alilia.

"Najua, baba. Ukuta wa pili ukianguka, tutazika wawili. Rudini nyuma wote! Zimeni hiyo mashine, inatikisa ardhi. Wewe, piga simu zimamoto!"

Ikabidi wangoje. Hakuna aliyewahi kumwona Chapuchapu akingoja. Alilala kifudifudi mbali na ukingo, akimwita mdogo wake bila kunyamaza, na kila mguno wa kijana ulipokatika, yeye aliona kaburi. Watu wa zimamoto walipofika, walizuia kuta kwa mbao na nguzo kwanza. Ndipo wakamfukua, taratibu, kwa mikono.

Alivunjika mbavu, lakini alikuwa hai. Jioni, jirani alikwenda kumjulia hali hospitalini. Chapuchapu alikuwa kando ya kitanda.

"Asubuhi uliona ufa kwenye ukuta?" jirani akauliza.

"Niliuona," mgonjwa akanong'ona.

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, mama? Ni kaka yangu."

Chapuchapu aliinamisha kichwa. Aibu ilimchoma kuliko hofu ya asubuhi.

"Nifundishe, jirani," alisema. "Nimekuwa mjinga."

"Udongo haujui nani mkubwa," jirani akamjibu. "Mtaro wenye kina cha kumzidi mtu hauingiwi mpaka kuta zizuiwe kwa mbao na nguzo. Udongo wa kuchimbwa uwekwe mbali na ukingo, maana uzito wake unasukuma ukuta. Ngazi iwe karibu na wanaochimba. Mtaro ukaguliwe kila asubuhi, na tena mvua ikinyesha. Lakini hayo yote ni bure kama anayeona hatari anaogopa kusema. Mteue mtu wa usalama. Akisema simama, hata wewe usimame."

"Hata mimi mwenye kampuni?"

"Wewe wa kwanza."

Mdogo alipopona, Chapuchapu aliwakusanya vibarua. Aliwaambia, "Kuanzia leo huyu ndiye mtu wa usalama. Na yeyote akiona hatari, aseme. Hatafukuzwa mtu." Wengine walicheka chini chini. Walimjua bosi wao.

Kazi iliyofuata ilikuwa mtaro mwingine, safari hii wenye mbao na ngazi. Siku moja, baada ya mvua kubwa, Chapuchapu alishuka mwenyewe kabla ya ukaguzi.

"Kaka, toka," mdogo wake alisema kutoka juu.

"Kidogo tu, nakaza hapa."

"Nguzo imepinda. Maji yanapita nyuma ya mbao. Toka!"

Vibarua wakageuka kutazama. Kijana hakuwahi kumpandishia kaka yake sauti. Chapuchapu alitazama juu, akamwona mdogo wake amenyoosha mkono kuelekea ngazi. Ile hofu ya zamani ikamrudia. Akaacha spana, akapanda ngazi.

Walikuwa wamesogea mbali pale nguzo iliporuka. Mbao zililala, udongo ukamwagika pale alipokuwa amechutama. Chini hapakuwa na mtu.

Chapuchapu akamgeukia mdogo wake mbele ya wote.

"Tufanye nini sasa?" akamuuliza, akasubiri jibu.