Chumba Asichokichora Mtu

Haya aliniambia Ndeshi mwenyewe, shoga yangu wa Nkoaranga, kijiji cha Mlima Meru, na Ndeshi hakuwa mtu wa kutunga.

Miaka ile wawekezaji walipoanza kupanda mlimani, shemeji yake Kaanaeli aliwauzia wenye hoteli shamba la migomba alimozikwa mume wa Ndeshi. Aling'oa hata masale, mimea iliyopandwa kuwa alama ya kaburi, akaapa kwamba hapana mtu aliyelala pale. Mjane angemwambia nani?

Ndeshi akateremka mjini kwa Rodrick, mchoraji wa ramani ya hoteli itakayojengwa pale, kumwomba wasijenge juu ya kaburi. Kaanaeli akamfuata hukohuko.

"Shemeji, bado unalilia migomba?" akamcheka.

Rodrick alikuwa akilaza mchoro wa hoteli juu ya mchoro wa shamba kwenye kompyuta, kwa zile namba za mahali zinazosomwa na kipimo cha setilaiti. Michoro ilipokaa sawa, kikatokea chumba kidogo, urefu wa mtu, kisicho na mlango.

"Mama, hiki sikukichora mimi." Akakifuta, akapanga upya. Kikarudi palepale.

"Ndipo alipolala," Ndeshi akasema.

"Mashine mbovu hiyo!" Kaanaeli akafoka. "Jengeni!"

Umeme ukakatika. Mawingu ya Meru yalikuwa yameshatia giza dirishani. Ndani ya giza lile mtu akakohoa, kikohozi kikavu cha kifua, kilekile cha mumewe Ndeshi aliyemuuguza mpaka mwisho. Kaanaeli hakucheka tena.

Umeme uliporudi, Rodrick akawasha mashine, akafungua mchoro. Kile chumba sasa kilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa wazi.