Mashine Ikinyamaza, Punguza Taa

Asubuhi nyumbani kwetu Kyela mjini zilifanana zote. Mume wangu Zubery alifungua milango ya duka upande wa barabarani, mimi niliwasha moto uani, na binti yetu Shani alifagia sebule kabla ya kwenda shule. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la tano. Mdogo wake, Kheri, alikuwa bado hajatimiza miaka miwili, mtoto wa kushika kila kitu na kukitia mdomoni.

Ikifika saa mbili kasoro, mashine ya mpunga ya jirani yetu Nsajigwa ilianza kunguruma nyumba ya tatu kutoka kwetu, na taa zetu zote zikafifia. Tulikwisha kuzoea. Msimu wa mavuno magunia yalikuja kutoka Ngonga na vijiji vingine, mashine ikakoboa kutwa nzima, na sisi majirani tukabaki na umeme mnyonge mpaka jioni mashine inyamaze. Ikinyamaza tu, balbu ziliwaka ghafla kwa nguvu, hata macho yakauma.

Mimi umeme nilikuwa nauogopa tangu siku ulipoingia ndani. Moto wa kuni unauona, moshi wake unaunusa, unajua ulipo. Umeme hauuoni. Kwa hiyo kila siku niliwaonya wanangu, na nyuma ya mlango niliweka fimbo ya mpera, Shani aione kila akipita.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Bidhaa za nje zilikuwa zimefunguliwa, na kila mwenye duka alisafiri hadi Dar es Salaam ili arudi na kitu ambacho jirani yake hajakiona. Zubery alirudi na vitenge, betri, redio mbili, na taa moja ya ajabu aliyoipata kwenye vitu vya mitumba. Ilikuwa chupa ndefu iliyozibwa, imesimama juu ya kitako cha bati. Ndani yake mlikuwa na maji ya rangi ya samawati na bonge la nta nyekundu. Balbu ilikaa chini, ndani ya kitako. Ikipata joto, nta iliyeyuka, ikapanda polepole kama yai lisilo na ganda, ikafika juu, ikapoa, ikashuka tena. Wateja waliacha kununua sukari wakaja kuchungulia sebuleni. Zubery akavimba kichwa.

Shida ilikuwa mchana. Mashine ikinguruma, balbu ya ile taa haikupata nguvu, na nta ililala chini kama ugali uliopoa. Wateja wakaanza kumtania Zubery kwamba taa yake imeugua malaria. Basi akamwita fundi umeme, Mzee Hezroni, mtu mzima mpole ambaye nusu ya mji alikuwa ameutandazia nyaya kwa mikono yake.

Mzee Hezroni alitazama, akashauri tuiwashe jioni tu, tuiache na balbu yake ndogo. Zubery hakutaka. Alibembeleza, akasihi, akamkumbusha urafiki wao, mpaka mzee akakubali. Akatoa balbu ndogo akaweka kubwa. Kisha kwenye waya akafunga swichi ya kuzungusha, ile ya kuongeza na kupunguza mwanga. Ukiizungusha kulia, balbu inapata nguvu na nta inakimbia. Ukiizungusha kushoto, balbu inafifia na nta inapanda kwa uvivu; ukifika mwisho, inazimika. Akaniomba rangi yangu ya kucha, akatia alama tatu nyekundu kuizunguka.

Alipomaliza alituita sote, hata Shani.

"Taa hii haikutengenezewa balbu kubwa namna hii," alisema. "Nimeweka kwa sababu umeme wenu wa mchana ni mnyonge. Mashine ikinyamaza, umeme unarudi wote. Hapo rudisha swichi kwenye alama ya kwanza. Usingoje umalize kula, usingoje mgeni aage. Mashine ikinyamaza, punguza taa."

Zubery akaitikia kwa furaha, "Ndaga, mzee, ndaga fijo," maana hata sisi tuliotoka pwani tulikwisha kujifunza kushukuru Kinyakyusa. Mimi nilimgeukia Shani. Nilimwambia kwamba taa ile itawashwa na baba yake peke yake, na nikimkuta ameigusa, fimbo ya mpera itavunjikia mgongoni mwake. Akainamisha kichwa. Nilidhani nimemlinda.

Siku ninayoieleza ilikuwa Alhamisi. Zubery alikwenda Itungi bandarini kufuata mzigo, duka likafungwa. Baada ya chakula cha mchana nilimlaza Kheri kwenye mkeka sebuleni, chini ya meza ile yenye taa, kwa sababu pale palikuwa na ubaridi. Taa ilikuwa imezimwa. Shani alikuwa amerudi kutoka shule. Nikamwachia mtoto, nikaenda sokoni kununua samaki.

Yaliyotokea nyuma yangu Shani alinisimulia mwenyewe baadaye. Rafiki yake Angetile, binti wa wakulima wa kakao, alipita kumtazama. Alikuwa amesikia sifa za ile taa shuleni mpaka amechoka. Shani akaiwasha kwenye alama ya kwanza, nta ikachukua muda mrefu kujinyanyua.

Angetile akacheka. "Hii ndiyo taa yenyewe? Mbona inatembea kama konokono? Hata maharage ya bibi yangu yanachemka upesi kuliko hii."

Neno lile lilimchoma Shani. Akazungusha swichi hadi alama ya pili, kisha ya tatu. Mashine ilikuwa bado inanguruma, umeme mnyonge, lakini baada ya muda nta ilianza kupanda mabonge mabonge, ikagongana, ikakatikakatika. Angetile akaacha kucheka, akapiga makofi. Walikaa pale wakitazama mpaka Angetile akakumbuka kwamba ametumwa chumvi, akakimbia.

Ndipo Shani aliposikia sauti yangu nje nikisalimiana na jirani.

Mtoto akiwa na hofu mikono yake haina macho. Badala ya kuchomoa waya, kwanza alichukua kanga yangu kuukuu akaifunika taa, ili nisione mwanga. Kisha akaingiza mkono chini ya kanga, akashika swichi, akaizungusha mpaka mwisho. Alidhani ameizima. Lakini kwa haraka ile aliizungusha kulia badala ya kushoto, na kanga ilikuwa imefunika kila kitu, asione kama balbu imezimika au imewaka zaidi.

Mimi niliingia kwa mlango wa uani na kapu langu. Nilimwona anatoka sebuleni, jasho puani. Nikamuuliza kama mtoto amelala. Akasema amelala. Nikamuuliza kama amegusa taa ya baba yake.

"Sijaigusa, mama."

Nikampa kisu na ndizi za kumenya, tukakaa uani. Mimi nilimpara samaki, yeye alimenya. Baada ya kitambo akaomba aende akamwangalie Kheri. Nikamkatalia, nikamwambia atamwamsha, na mtoto akiamka hatutapika. Akamenya ndizi mbili, akaomba tena. Nikamwambia anakwepa kazi. Akaendelea kumenya, lakini nilimwona anakata maganda mazito yenye nyama ya ndizi, kitu ambacho si kawaida yake.

Kisha mashine ya Nsajigwa ikanyamaza.

Mnajua jinsi kimya kinavyokuwa baada ya ngurumo ya kutwa. Unasikia hata kuku akikwaruza. Shani aliacha kisu kikaanguka. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Alitazama mlango uliokuwa na fimbo ya mpera nyuma yake, kisha akanitazama mimi. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mama," alisema, "nimedanganya. Taa niliiwasha. Nimeifunika kanga. Sijui kama nimeizima. Na Kheri yuko pale chini."

Sikumbuki kama niliinuka; nakumbuka tu kwamba nilikuwa tayari mlangoni. Harufu ilinipokea kabla sijaingia, harufu ya kitambaa kinachoungua. Moshi mwembamba ulitoka kwenye pindo la kanga lililolalia kitako cha bati. Ndani ya chupa kulikuwa na sauti ya kukwaruza, kama kitu kinataka kutoka. Na chini yake, mwanangu amelala chali, mdomo wazi, mkono mmoja juu ya kichwa.

Nilimvuta kwa mguu, jinsi nilivyomfikia, nikamkumbatia. Akaamka akilia. Kwa mkono mwingine nikanyakua ndoo ya maji iliyokuwa kando ya mlango, nikaiinua niimwage juu ya ile kanga.

"Mama, siyo maji!" Shani alipiga kelele. "Kuna umeme!"

Alipita mbele yangu akikimbia hadi upande wa dukani, akapanda juu ya kreti, akaivuta chini meni swichi. Nyumba nzima ikawa giza la jioni. Nikaweka ndoo chini. Sikuwa nimefika hata hatua tatu kutoka pale mezani, chupa ikapasuka.

Haikulia kwa kishindo kikubwa. Ilikuwa kama bakuli limeanguka chumba cha pili. Maji ya moto na nta nyekundu vilimwagika juu ya meza, vikatiririka kwenye mkeka, pale pale kichwa cha Kheri kilipokuwa. Vipande vya chupa vikatawanyika. Nta kidogo ilinirukia mguuni, nikaisikia inauma hadi mfupani. Nikatoka nje na wanangu wote wawili, mmoja kifuani, mmoja ameshika upindo wa gauni langu, tukakaa chini kwenye mchanga.

Jirani alimkimbilia Mzee Hezroni. Alikuja na tochi na testa yake, akahakikisha umeme umekatika, akaiondoa kanga kwa kijiti, akaizima ilipokuwa ikifuka. Alinimwagia maji safi ya baridi mguuni kwa muda mrefu, akakataa nisipake dawa ya meno kama jirani alivyoshauri, akaniambia kesho niende zahanati. Zubery alirudi kutoka Itungi akatukuta bado uani. Aliuona ule mkeka. Alikwenda akakaa peke yake juu ya gunia.

Mimi hofu ilipoanza kunitoka, hasira ikaingia mahali pake. Nilichechemea hadi nyuma ya mlango, nikachukua fimbo. Shani hakukimbia. Alisimama pale, mikono pembeni, anangoja.

Mzee Hezroni aliushika mkono wangu taratibu.

"Mama Shani, ngoja kidogo," alisema. "Mtoto huyu amefanya makosa mawili. Amegusa alichokatazwa, na amedanganya. Asiambiwe kwamba si kitu, ni kitu kikubwa, karibu tungekuwa na msiba hapa. Lakini angalia. Tangu alipodanganya mpaka aliposema kweli, dakika ngapi zimepita? Hizo ndizo zilizochoma kanga. Kitu cha hatari hakihitaji siku nzima, kinahitaji dakika chache tu, na uongo ndio unaokipa dakika hizo. Sasa mwulize kwa nini hakusema mara ya kwanza."

Sikuhitaji kumwuliza. Jibu nilikuwa nimelishika mkononi.

Mzee akaendelea, akimtazama Zubery pia. Alisema kwamba yeye mwenyewe aliweka balbu aliyojua haifai, kwa sababu aliona haya kumkatalia rafiki. Alisema Zubery alitaka kusifiwa na wateja kuliko kusikia fundi. Kila mmoja pale alikuwa na fungu lake, na si haki mtoto alipe mafungu yote.

Zubery aliinuka kwenye gunia. Akamwomba mzee radhi, akamwambia kile kitako na swichi avichukue, maana hataki kuviona tena. Kisha akamwambia Shani kwamba atafua mkeka, ataokota vipande vyote na baba yake kwa mwanga wa mchana, na kwa mwezi mzima, kila akirudi kutoka shule, atamlea Kheri bila rafiki kuja. Shani akaitikia. Alilia, lakini aliitikia.

Wiki mbili zilipita, mguu wangu ukiwa bado umefungwa. Mchana mmoja nilikuwa napepeta mchele, nikasikia kitu kimeanguka jikoni. Kilikuwa chungu changu kikubwa kutoka Lyulilo, kile nilichokipenda, ambacho nilikibeba kichwani kutoka gulioni nikiwa na mimba ya Kheri. Nikangoja. Zamani ningekuta vigae vimefichwa chini ya majivu.

Shani alitoka jikoni akiwa na kigae mkononi.

"Mama, nimevunja chungu chako."

Mkono wangu uliinuka wenyewe, kwa mazoea. Nikautazama, nikaurudisha kwenye ungo.

"Ahsante kwa kuniambia," nikasema. "Umejikata?"

"Hapana."

"Basi lete ufagio, mwondoe Kheri miguu isichomwe."

Wanangu mnaosoma, sikilizeni. Mtagusa msichopaswa kugusa, maana ninyi ni watoto. Siku hiyo msihesabu viboko, semeni upesi kwa mtu mzima aliye karibu, kabla kosa halijamfikia aliyelala. Nasi wazazi tukisikia kweli, tumtazame kwanza mtoto kama ni mzima. Hayo mengine yote yanaweza kungoja.