Mkono wa Tulizo

Mashine iliyoitwa Tulizo ilikuwa imepenyeza vidole vitano vyembamba katika kinywa cha mbwa mwenye taya za kuvunja fupa la ng'ombe. Mbwa alikuwa macho, hakufungwa kamba wala hakupigwa sindano ya usingizi. Kidole kimoja kilikwangua ukoga kwenye magego, kingine kilinyunyiza maji, kingine kilimulika ufizi na kuupima. Mbwa akatikisa mkia. Katika Dodoma yote ya miaka hiyo, jiji la treni za angani na barabara zinazojifagia zenyewe, watu hawakushangazwa na kitu kama hicho.

Nyuma ya kioo, Daktari Siwema aliutazama mkia ule, na kijicho kikamtafuna.

Si kwamba Tulizo ilikosea kazi. Laiti ingekosea! Ila siri ya mashine ile ilikuwa yake yeye. Zamani Siwema ndiye aliyekuwa tabibu wa meno ya mbwa na paka asiyeng'atwa. Alikuwa na desturi yake: huvua glavu, humpa mnyama kiganja anuse, huku akivumisha wimbo wa chinichini usio na maneno. Kazi ikiisha, hukitoa tena kiganja kilambwe, ndiyo kwaheri. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, lakini wa Siwema ulilambwa. Mhandisi Kigwa, aliyeiunda Tulizo, alipomwomba amwazime harufu ya kiganja hicho na sauti hiyo, alikubali kwa moyo mweupe, ili wanyama wengi zaidi wapone. Kigwa akaitengeneza ile harufu, akaitia kwenye kichupa, kichupa akakipachika ndani ya kiganja cha mpira cha mashine. Tangu hapo wateja walimsalimia Siwema huku wakipita, kama wanavyomsalimia mlinzi wa getini.

Asubuhi moja akaja Bibi Mashavu, mwalimu mstaafu, na mbwa wake Tarishi, aliyepasuka gego kwa kutafuna jiwe. Kabla hawajaingia, Siwema alifanya jambo ambalo angemfukuza mwanafunzi wake kwa kulifanya. Alikichomoa kile kichupa, akakitia mfukoni.

"Leo tuone," alijisemea, "nani ana mkono."

Tulizo ikavumisha wimbo, ikanyoosha kiganja. Tarishi akanusa mpira mtupu. Manyoya yakamsimama mgongoni, akarudi nyuma akiunguruma.

"Mama yangu! Ana nini huyu leo?" Bibi Mashavu alipiga kelele. "Daktari!"

Siwema alikuwa amekwisha kuvua glavu. Akaizima mashine, akapiga magoti, akatoa kiganja, akavumisha. Tarishi akanusa, akanusa tena, kisha akalaza kichwa mapajani mwake na kuachama. Siwema alichoma ganzi kwenye ufizi, akasubiri, akaling'oa lile gego kipande baada ya kipande. Furaha ilimjaa hadi machozi yakamlenga. Kumbe wanyama walikuwa hawajamsahau!

"Ashukuriwe Mungu," alisema Bibi Mashavu. "Kumbe siku hizi Tulizo inawafundisha na nyinyi?"

"Sijakuelewa, Bibi."

"Huo si wimbo wake? Na mkono umeupaka harufu yake, sivyo? Maana huyu nimemleta hapa tangu akiwa mdogo, hajawahi kumruhusu binadamu kinywani mwake, hata mimi. Amekunusa akadhani ni Tulizo. Umefanya jambo la akili, mwanangu."

Siwema alivikusanya vipande vya gego. Angesema kwamba yeye ndiye aliyetangulia? Bibi Mashavu angeweza kuamini. Tarishi je, angeelezwa kwa lugha gani?

Sebuleni paka wa watu alikuwa akilia kwa maumivu ya jino. Siwema aliona haya. Akainuka, akakirudisha kichupa mahali pake na kuiwasha mashine, kisha akapiga magoti tena mbele ya Tarishi, akatoa kiganja kwa ajili ya kwaheri.

Nyuma yake Tulizo ilianza kuvumisha.

Tarishi akasimamisha masikio. Akampita Siwema, akaenda moja kwa moja kwenye kiganja cha mpira, kiganja ambacho siku hiyo hakikumfanyia lolote, akakilamba kwa ulimi wenye damu, taratibu, huku mkia ukipiga sakafu. Bibi Mashavu akacheka kwa furaha, hadi alipomwona daktari.

Siwema alikuwa bado amenyoosha mkono.