Upande Ulioungua

Chande alikisikia kilio, akakipuuza. Kilikuwa chembamba, kama cha kitoto cha paka kilichokanyagwa, na kilitoka uani, pale penye mpapai, alipokuwa ametoka kumwaga maji ya moto. Magharibi ilikuwa inaingia, radi zimeshaanza kupasua anga upande wa baharini, naye alikuwa na haraka.

Haraka yenyewe ilikuwa ya picha. Meneja wa hoteli mpya ya Diani alitaka picha kubwa ya radi ya kutundika ukumbini, na Chande, mpiga picha pekee wa Msambweni katika masika yale ya kwanza baada ya Uhuru, alikwisha kujitapa kwamba ataileta. Alichemsha maji ya kuyeyushia dawa ya kusafishia filamu, yakazidi moto, akayarusha sufuria nzima dirishani bila kutamka neno. Marehemu mama yake hakumwaga hata kikombe cha maji ya moto nje bila kusema, "Bismillahi, pisheni jamani," maana uani hatukai peke yetu. Chande aliyajua hayo tangu utotoni, ila siku hizi aliyaona mambo ya vikongwe.

Akaisimamisha kamera kwenye baraza ya nyuma, akaiacha wazi gizani ili radi zijichore zenyewe. Alipoisafisha picha alisonya. Upande wa kulia radi imetoka na matawi yake yote. Upande wa kushoto, mweupe pe.

"Imeungua," alimwambia mkewe Mwanarusi. Ndivyo wasemavyo mafundi wa picha mwanga ukizidi.

Basi akalisaka kosa. Pengine radi moja ilipiga karibu na nyingine mbali, akalibana tundu la lenzi. Pengine mwanga wa jikoni unapenya, akaizima taa, Mwanarusi akapika kwa kupapasa huku akinung'unika. Pengine dawa haikutikiswa sawasawa, akaitikisa mpaka mkono ukafa ganzi. Weupe haukupungua, ulizidi kusogea katikati. Mwisho akaifunga kamera kichwa chini miguu juu. Kama ubovu umo ndani ya kamera, alijiambia, weupe utahamia upande wa pili. Haukuhama. Ulibaki pale pale, juu ya mpapai.

Asubuhi yake binti yao Esha, mtoto wa pekee, alinyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai, akakikosa, akakiangusha.

"Mama, upande huu kweupe," alisema.

Jicho lake la kushoto lilikuwa limetanda utando kama wa maziwa. Mwanarusi akamvuta mumewe kando.

"Mume wangu, kule uani kunanuka nywele zilizoungua," alinong'ona. "Ulimwaga nini?"

"Maji tu."

"Ya moto?"

Chande akainama kukiokota kikombe.

"Ulisema pisheni?"

Chande alijitia ubishi, akasema mtoto atapelekwa hospitali, ni uvimbe tu, na jioni ile mvua ilipokuja akapiga picha nyingine, ya mwisho, aoneshe kwamba ni kamera. Akaingia chumba cha giza, akaitia karatasi kwenye dawa chini ya taa nyekundu, akaitazama ikitoka polepole, kwanza radi, kisha mpapai, kisha ndani ya ule weupe uliokuwa mtupu siku zote kitu kama kivuli kikaanza kukolea, kikawa mwanamke aliyeketi chini akipakata mtoto, na uso wa mtoto ulikuwa umebabuka mahali pote, na Chande akaomba mwanamke yule awe anamtazama mwanawe, lakini hakuwa akimtazama mwanawe, alikuwa amekaza macho kwenye kamera, na harufu ya nywele zilizoungua ikapanda kutoka ndani ya dawa yenyewe.

Kesho yake akamleta Bi Mwanasha, mganga wa Tiwi. Mama yule alimfunika Esha kwa kaniki, akafukiza ubani, akanyunyiza marashi, akaita kwa adabu. Sauti iliyotoka chini ya kaniki haikuwa ya Esha.

"Mwanangu ameungua."

"Tunakuomba radhi, bibi," alisema Bi Mwanasha. "Utapewa halua, utapewa mbuzi mweupe."

"Nikayalishe macho ya mwanangu?"

Chande akapiga magoti. "Mtoto wangu hana kosa. Nilimwaga mimi."

"Na wangu alikosa nini? Alikuwa akicheza. Hakuna aliyemwambia apishe."

Chande alilia bila aibu, kilio cha mzazi. Alimwogopa mama yule wa kwenye picha kwa sababu alimwelewa.

"Basi chukua langu," alisema. "Mwachie Esha lake."

Radi ikapiga uani bila hata tone la mvua, ikaupasua mpapai katikati, na jicho la kulia la Chande, lile alilokuwa akilitia kwenye kamera, likajaa weupe usioondoka. Esha akaitupa kaniki, akauliza mbona baba analia. Utando haukuwapo tena. Bi Mwanasha alikikunja kitambaa chake, akasema yamekwisha, na Mwanarusi akamkumbatia mwanawe mpaka mtoto akalalamika kwamba anaumizwa.

Chande aliyaona hayo kwa jicho moja, akamshukuru Mungu. Kamera akaiuza. Ukuta wa hoteli meneja akautundikia saa.

Mvua za vuli zilipoanza, jioni moja Esha alikuwa ameketi mlangoni akila muhogo. Chande akamwambia aingie ndani, magharibi imefika.

"Baba," alisema mtoto bila kugeuka, "yule mama amekuja tena. Ameketi pale penye kisiki cha mpapai."

Chande akashika mwimo wa mlango. "Anasemaje?"

"Anasema ahsante kwa lile moja." Esha akamega muhogo, akatafuna. "Lakini anasema mwanawe aliungua yote mawili."