Ingata Isiyofunguliwa

Hii mambo, kama iko jioni unaisikia, na ndoo yako haina maji, acha kwanza. Utachota kesho.

Rugema wa Mbugangari alikuwa mutu wa kutembea. Si kutembea ya kutafuta, hapana. Ya raha! Mwaka ule wa 1999 vita ilikuwa inaanza tu kupoa, watu wametoka Goma na wengine wanatafuta pa kulala, yeye anatafuta pa kupanda. Anapandaka milima nyuma ya Nyundo, analala huko juu, anarudi anacheka peke yake kama mutu amekula harusi.

Siri yake ilikuwa wepesi. Blanketi aliikata nusu. Mswaki aliukata mukia. Sufuria ya nini? Kopo ya maziwa ya unga inatosha. Chakula ni sambaza kavu, vile visamaki vya ziwa, haina uzito. Nyumba ni shitingi ya bluu, ile turubai ya wakimbizi. Yote ndani ya begi ya caguwa, ya mitumba, unainua na kidole kimoja.

"Mulima haupendi mutu wa vitu vingi," alikuwa anasema. "Na kila mutu abebe yake. Mi sibebake mzigo ya mutu."

Siku ile alienda na Kabera, kijana mwenye alikuwa anamuoa dada yake Xavérine. Ndoa ilikuwa imeshatangazwa kanisani. Xavérine aliwasindikiza paka kwa barabara, amefunga mikono kifuani.

"Rugema, huyu ni mumoja tu niko naye. Utanirudishia?"

"Nitakurudishia, dada. Muzima, na miguu mizuri zaidi."

Na kweli, mchana ilikuwa raha. Harufu ya mikaratusi. Upepo ndani ya shati. Ukigeuka, ziwa Kivu lote iko chini yako, kama sahani mutu ameosha. Kabera alikuwa anaimba.

"Sha, kumbe hii ndiyo unafichaka?"

"Bon, si nilikuambia?"

Jua ikashuka. Wakafunga shitingi kando ya msitu. Maji ilikuwa imeisha, Kabera akachukua bidon ya njano, ile dumu ya maji, akashuka kwa kijito. Kazi ya kawaida. Rugema akabaki anapuliza moto.

Ukungu ikaingia.

Halafu ile kimya... unajua, kimya ya ndege wote kwa mara moja.

Kabera akatokea, bidon ku kichwa, na chini ya bidon iko ingata, ile duara ya majani watu wanawekaka ili mzigo usiumize. Ilikuwa ya kijani. Mbichi. Kama imesokotwa sasa hivi.

"Umejifunza lini kusokota?" Rugema akauliza.

"Sijasokota. Nimeiokota kwa njia. Mutu ameiacha muzima, nzuri kabisa."

Rugema akaacha kupuliza moto. Bibi yake alikuwa anasema: ukitua mzigo, fungua ingata yako, tawanya majani. Ingata haiachwe muzima. Mwenye kuiokota na kuivaa, anabeba mzigo ya mwenye aliiacha.

Lakini hayo ni maneno ya wazee, si ndiyo? Akacheka kidogo.

"Tua basi, tupike."

Kabera hakutua.

"Rugema..."

"Nini?"

"Inakuwa nzito."

Ilikuwa bidon ndogo, hata haijajaa. Lakini shingo ya Kabera ilikuwa imeingia ndani ya mabega. Mishipa imesimama. Jasho inatiririka, na ile baridi! Na harufu ikaja: moshi ya zamani, godoro yenye imelowa, maziwa ya mutoto yenye imechacha.

"Iko na vitu ndani," Kabera akanong'ona. "Sufuria. Nguo. Iko na... mutu mudogo. Analia. Humusikii?"

Rugema hakusikia kitu. Halafu akasikia.

Ndani ya bidon.

"Itupe! Kabera, itupe chini!"

"Mikono haishuki. Haitupwe, sha. Inatuliwa." Macho yake ilikuwa imejaa machozi. "Nitue, shemeji. Nyosha mikono tu. Nitue."

Kwa kwetu, hilo neno halikataliwi. Hata mutu humujui, hata adui, akikuambia nitue, unanyosha mikono, unapokea. Ndiyo dini ya njia.

Rugema akanyosha mikono. Vidole ikagusa plastiki. Na uzito ikamuonja... kidogo tu, kama ulimi. Akasikia njia yote, watu wote wa njia, wenye walikimbia vita, miguu yao, matandiko yao, wenye walianguka na hakuna mwenye aliwatua.

Akavuta mikono.

"Siwezi," akasema. "Mi siwezi, Kabera."

Kabera akamuangalia. Hakukasirika, na hiyo ndiyo mbaya. Akageuka polepole, akaanza kutembea kuingia ukungu, anavuta miguu kama muzee.

Tap... tap... tap...

Rugema akachukua begi yake. Akakimbia. Ilikuwa nyepesi, ilimusaidia kukimbia.

Walimutafuta Kabera paka wakachoka. Kwa kijiji ya chini, mama mumoja mwenye analima viazi, Nyirasafari, aliuliza kitu kimoja tu: "Alikuomba kumutua?" Rugema akaficha mikono nyuma. Mama akatema mate kando, akarudi kwa jembe yake.

Xavérine yeye hakuuliza tena. Gauni ya harusi ikabaki kwa msumari. Rugema alimuambia Kabera amepotea kwa ukungu. Ile neno, nitue, hakuitaja.

Na alipaswa kuitaja.

Sababu jioni moja, mvua imekatika, wako ndani wanachambua maharagwe, wakasikia miguu kwa njia. Tap... tap... Ikasimama kwa mulango. Harufu ya godoro yenye imelowa.

"Xavé," sauti ikasema, ya kuchoka, ya kupenda. "Niko hapa. Nitue."

"Kabera!"

"Usiende!" Rugema akaruka, akamushika kitenge. "Xavérine, usinyoshe mikono!"

Lakini nani anakataa hilo neno? Nani anakataa, na sauti ni ya bwana yake? Alitoka mbio, mikono juu, anacheka na kulia.

Kitenge ikabaki kwa mukono wa Rugema.

Inje, hakuna mutu. Udongo imelowa, na nyayo za dada yake, kila moja imeingia ndani zaidi kuliko yenye imeitangulia, paka pale ukungu inaanza.

Na kwa mulango, ingata. Muzima. Ya kijani. Haijafunguliwa.

Rugema hapandake tena. Yuko pale Mbugangari paka leo, amekaa, mikono ndani ya makwapa, hata mutoto akimuomba kumushikia kikombe hamupokei. Begi yake iko kwa msumari, haina kitu. Lakini msumari inainama. Kila jioni, kidogo.